Maswali ya Wasomaji: Kisanduku cha maswali kinabaki kitupu

Nafundisha ushonaji Instagram. Kila wiki naweka stika ya maswali yenye maneno "Niulize chochote", lakini naambulia maswali mawili tu, tena moja ni salamu. Nakosea wapi?

Neno "chochote" ndilo linalokuponza. Mtu anaipitia stori kwa sekunde chache, kidole kiko tayari kusogea mbele; ukimwachia uwanja wote hajui aanzie wapi. Mpe kona moja. Andika: "Zipu yako inaharibikia wapi: juu, katikati au mwishoni?" Aliyeishona jana akaifumua atakujibu papo hapo, kwa sababu jibu analo mkononi.

Stika hiyo, iliyoingia Instagram Julai 2018, ina jambo ambalo wafuasi wengi hawalijui. Wewe unaliona jina la aliyeuliza, lakini ukilichapisha swali pamoja na jibu lake, wengine hawalioni jina hilo. Liseme hilo kwenye stori yenyewe. Wanaoona haya kuuliza mambo ya msingi ni wengi, nao ndio wanaokuhitaji zaidi.

Stori hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo usingoje kesho. Anza kujibu stika ikiwa bado hewani, maana majibu mawili matatu yakishaonekana, wengine wanapata picha ya swali unalolitaka.

Jibu nalo liwe na sababu, hatua na kipimo. "Usivute kitambaa" ni onyo tu, halimsaidii aliyekwisha kukivuta. Linganisha na hili: "Zipu inafanya mawimbi kwa sababu kitambaa kimenyumbuka ulipokivuta chini ya mguu wa cherehani, ilhali utepe wa zipu haunyumbuki. Fumua. Bandika kwa pasi ukanda wa kitambaa cha gundi wa sentimita 2 upande wa ndani wa kila ukingo, piga bandi (mshono wa muda) kwa mkono, ndipo urudi kwenye cherehani." Hapo muulizaji ana kazi ya kufanya usiku huohuo, na kesho atarudi kukuambia imekuwaje. Majibu ya namna hii yaweke kwenye hailaiti (stori zinazobaki kwenye wasifu wako), uyapange kwa mada (zipu, kola, mikono), si kwa tarehe.

Tunaendesha darasa la moja kwa moja lenye watu wapatao 200. Maswali yanapotelea kwenye gumzo. Slido, programu ya kukusanya maswali ya hadhira, itatusaidia?

Itawasaidia, kwa kuwa maswali hukaa mahali pake na washiriki huyapigia kura. Ila kura zina kasoro yake: swali lililotumwa dakika ya 5 linazikusanya kipindi kizima, na la dakika ya 40, hata likiwa zuri zaidi, linabaki chini. Kila mnapomaliza maswali matatu yenye kura nyingi, geuzeni mpangilio, mapya yaje juu, mchukue moja.

Anayesimamia maswali asiwe yuleyule anayefundisha. Mkiwasha uhakiki, swali halionekani mpaka msimamizi alipitishe. Hilo linazuia matusi, hasa mnaporuhusu watu kuuliza bila majina (na tunashauri mruhusu). Lakini msimamizi akichelewa, mtu hudhani swali lake limepotea, analituma tena, na kura zinagawanyika kati ya maswali mawili yanayofanana. Alipitishe ndani ya dakika moja.

Mwalimu alisome swali kwa sauti kabla ya kujibu. Atakayeitazama rekodi baadaye haoni kilichoandikwa Slido.

Najibu maswali Quora, tovuti ya maswali na majibu, na kuweka kiungo cha tovuti yangu mwishoni. Majibu yanafutwa. Kwa nini?

Jibu fupi linalomsukuma msomaji aende kwingine huhesabiwa kuwa tangazo. Lijaze jibu palepale, lijitosheleze hata kiungo kikiondolewa. Kiungo kiwekwe pale tu penye kitu kisichoweza kuandikwa, kama mchoro wa vipimo.

Nawe usiiachie tovuti ya watu iwe ghala lako pekee. Yahoo! Answers, iliyoanza 2005, ilifungwa tarehe 4 Mei 2021 pamoja na maswali na majibu yake yote. Hifadhi nakala ya kila jibu siku hiyohiyo, na swali uliache kama lilivyoulizwa, hata kama lina makosa. Wenye shida kama ile watatumia maneno hayohayo wanapotafuta.