Maswali ya Wasomaji: Alizeti, mashudu na vita vya Ukraine

Tangu vita vya Ukraine vianze na mafuta ya kupikia kupanda bei, kikundi chetu kimekuwa kikiwaza kununua mashine ndogo ya kukamua alizeti. Italipa kweli? — Msomaji, Webuye

Inaweza kulipa, ila si kwa sababu ya vita. Mafuta mengi tunayopikia Kenya ni ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Urusi ilipovamia Ukraine Februari 2022 na bandari za Bahari Nyeusi kufungwa, dunia iliyokosa alizeti ilikimbilia mawese. Kisha Indonesia nayo ikazuia mawese yake kuuzwa nje ya nchi, kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23. Bei za namna hiyo hazidumu. Pigeni hesabu kwa bei ya leo ya mawese dukani, kwa maana huyo ndiye mshindani wenu.

Kilichobaki kwenye mashine ndicho cha kuangalia. Kilo 100 za mbegu zenye mafuta mengi hutoa lita 30 hivi za mafuta na kilo 65 hadi 70 za mashudu, yaani masalia ya mbegu zilizokamuliwa. Mashudu yana wateja vita viwepo visiwepo: wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Kosa kubwa liko kwenye unyevu. Kaushieni mbegu turubaini hadi unyevu wa asilimia 6 hadi 8, na mpime kwa kipima unyevu. Kuzing'ata mbegu hakutoshi. Zikizidi asilimia 10, parafujo inayosukuma na kukamua mbegu inateleza, mafuta yanatoka machache na yamejaa tope. Zikikauka kupita kiasi, mashudu yanatoka unga na mashine inachemka. Pepeteni, kisha pitisheni sumaku: msumari mmoja unatosha kuharibu parafujo. Mwanya wa kutokea mashudu ukiubana sana mota inaungua; ukiulegeza, mafuta yanaondoka na mashudu.

Mafuta yatulie siku 3 hadi 5 kwenye pipa lenye koki iliyo juu ya kitako, ndipo myachuje. Yasipotulia hutoa povu na kuungua sufuriani. Tena, mafuta ya chupa yanayouzwa lazima yaongezwe vitamini A na yawe na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Gharama hiyo iwe ndani ya hesabu tangu mwanzo, maana vikundi vingi huikumbuka mashine ikiwa imeshasimikwa.

Mashudu hayo naweza kuwapa kuku wa mayai? — Msomaji, Ahero

Unaweza, ila yasizidi kilo 10 katika kila kilo 100 za chakula. Maganda yana nyuzi nyingi ambazo kuku hawezi kuzisaga, na protini yake ina upungufu wa laisini, kijenzi cha protini ambacho kuku anakihitaji. Omena (dagaa) iliyosagwa huliziba pengo hilo, bora iwe kavu na isiyo na mchanga. Mashudu yapoe kabisa kabla ya kutiwa guniani. Yakifungwa moto huvunda.