Nilinunua Mashine, Kumbe Shida Ilikuwa Foleni

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia, ana karakana ya kushona mabegi, kakopa hela kanunua mashine mbili za ziada na oda bado zinamaliza mwezi mzima. "Kaka nifanyeje, wateja wananikimbia." Dada yangu, nilivyosoma nilicheka halafu nikanyamaza, maana huo mkopo mimi niliuchukua kabla yako.

Mimi natengeneza makabati ya chuma, yale ya kuwekea mafaili. Mashine ya kukunja bati niliyonunua ilikuwa nzuri sana, haina neno, ila kazi iliyofanya ni kukunja bati haraka ili likakae zaidi mbele ya wachomeleaji. Lundo likakua mpaka kwenda stoo tukawa tunapita kiubavu. Na mimi bila aibu nikawa nalipiga picha, najionyesha biashara imechangamka.

Halafu mteja wangu mkubwa akaondoka. Oda ya makabati 40, nilimwahidi wiki tatu, ikaingia wiki ya sita akaja mwenyewe. Wala hakufoka. Akayaangalia makabati yake hata rangi hayajapigwa, akasema, "Mdogo wangu, wewe unauza ahadi, makabati ni nyongeza tu." Miaka imepita na nikikumbuka masikio bado yanawaka. Na mimi nikajibu pumba, eti mafundi wananiangusha, mafundi wenyewe wako pale pale wanasikia.

Jioni mzee wetu wa kuchomelea ndiye aliyeniita pembeni. "Bosi, kabla hujatusema tena, fuata kabati moja tu."

Nikalifuata, kwa hasira kusema kweli, nilitaka kumkamata mtu. Nikachukua chaki, kila lilipofika kituo kipya nikaandika kwenye bati lake tarehe na saa, na mtu akianza kulishika naandika tena, akimaliza naandika. Kufika mlangoni ilikuwa siku 29. Muda wa mtu kulishika, ukijumlisha kukata, kukunja, kuchomelea, kupiga msasa na rangi, saa tatu na nusu. Kwenye kuchomelea peke yake lilisubiri siku 11 ili lipate dakika 50, mpaka chaki ya mwanzo ikawa imefutika kwa nguo za watu wanaopita wakijibana. Yaani nilikuwa nagombana na watu juu ya saa tatu na nusu, zile siku nyingine zote zimeliwa na foleni niliyoipanga mwenyewe.

Kuna hesabu moja, Mmarekani mmoja, John Little, ndiye aliyeithibitisha mwaka 1961, na ni rahisi mpaka inakera. Chukua kazi zote zilizoanza na hazijaisha, gawanya kwa zinazotoka kwa siku, unapata wastani wa siku ambazo kazi inakaa ndani. Mimi nilihesabu makabati 240 yaliyoanza, yanatoka 8 kwa siku. Siku 30. Ningepiga kelele, ningelipa ovataimu, ningekesha pale na kiti changu, maadamu yanatoka yale yale 8 jibu ni 30.

Kwa hiyo nikasimamisha kukata. Hapo ndipo roho inapouma jamani, hakuna anayekwambia. Fundi wa kukata kakaa juu ya ndoo anachezea simu, mashine imezimwa, na mimi namlipa. Siku ya tatu nikakaribia kumwambia akate tu chochote. Nikamhamishia kwenye msasa, akawasaidie watu wa rangi, na sheria ikawa moja: halikatwi bati jipya mpaka kabati litoke mlangoni. Tukashuka mpaka 110 hivi na oda zikaanza kutoka ndani ya wiki mbili, mafundi wale wale, na mkopo bado nalipa.

La pili lilikuwa kuseti ile mashine ya kukunja. Kubadilisha kalibu, kile chuma kinacholipa bati umbo, kulichukua saa moja na nusu, ndiyo maana tulikuwa tunakunja mzigo mkubwa kwa mkupuo, nani aseti mara nne kwa siku? Wajapani walishapita huko. Mwaka 1969 pale Toyota, mhandisi Shigeo Shingo alikuta presi ya tani 1,000, mashine ya kugandamiza bati, inabadilishwa kalibu kwa saa 4, wakaishusha mpaka dakika 90, baadaye dakika 3. Sisi hatukufika huko, tusidanganyane. Tulichofanya ni kuacha kuanza kutafuta spana mashine ikiwa imeshazimwa. Kalibu inayofuata inasogezwa na boliti zake mashine ikiwa bado inakunja, spana zimetundikwa pale pale. Dakika 25. Basi tukaanza kukunja makabati 10 kwa 10, yakiisha yanaondoka, hayasubiri wenzake 30.

Na nyie mnaopenda kuona kila mtu yuko bize, nawaambia ukweli, huo ubize ndio unaowachelewesha. Fundi anayeandaa kazi ambayo kituo kinachofuata hakiwezi kuipokea anakuongezea foleni, na unamlipa aiongeze. Acheni pia kupenyeza oda ya haraka kila mteja akipiga simu, mimi nilikuwa na oda za haraka nyingi kuliko za kawaida, sasa hapo ya haraka ni ipi? Acheni kulaumu mafundi. Hili nalirudia kwa sababu nililifanya mbele za watu na msamaha nikaja kuuomba faraghani, na mpaka leo naona haukulingana na kosa.

Yule mteja hajarudi. Mwaka jana alipita, akauliza makabati 40 siku ngapi, nikamwambia 13, akatikisa kichwa akaenda zake.

Dada wa mabegi, nitumie namba mbili tu, mabegi mangapi yameshakatwa na hayajaisha, na mangapi yanatoka kwa siku. Na mashine ya tatu usiichukue kwanza.