Maswali ya wasomaji: Bahari inayoonekana tupu kwenye ramani

SWALI: Sisi ni BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi na mwambao) ya kijiji kimoja wilayani Kilwa. Tumetakiwa kuchora ramani ya shughuli zetu za baharini ili iingie kwenye mpango wa usimamizi. Tuna GPS moja ya mkononi na daftari. Tuanzie wapi? *Katibu*

JIBU: Ndugu katibu, hiyo GPS iwekeni kando kwanza, anzeni na karatasi. Chapisheni ramani ya msingi ya ukubwa wa A0 kwa kipimo cha 1:50,000. Hapo sentimita 1 ni mita 500, na karatasi nzima inabeba kama kilomita 42 kwa 59. Andikeni juu yake majina mnayoyatumia wenyewe ya mafungu, miamba na milango, maana nahodha asiyeona jina analolijua huweka kidole popote. Tumieni kalamu nyembamba: mstari wa milimita 2 unafunika mita 100 za bahari.

Waiteni watu kwa zana zao. Wa jarife (nyavu kubwa za kutega) wakae peke yao, wa dema (mitego ya kusuka) peke yao, vivyo hivyo wa mshipi na wa ringneti (nyavu za kuzungushia), sita hadi wanane kila kundi. Mkiwachanganya, mwenye chombo kikubwa ndiye atakayechora, wengine wataitikia tu. Wavuvi wa dago, yaani wanaohamia na kupiga kambi kwa msimu, nao waulizwe, hata kama kwao ni mbali. Kila kundi lipewe plastiki yake angavu inayoonyesha kilicho chini, itandikwe juu ya ramani na kupigwa alama ya msalaba kwenye pembe zote nne. Bila misalaba hiyo, plastiki ikiteleza hamtajua ilikuwa imekaa wapi.

Kinachoharibu ramani nyingi ni swali lenyewe. Ukimuuliza mvuvi "mnavua wapi?", atazungushia bahari yote, na hajakudanganya. Muulize hivi: "Kaskazi iliyopita, siku za bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana), jarife mlilitega wapi?" Akishachora, mpe punje 20 za mahindi azigawe kwenye maeneo yake kulingana na safari alizokwenda. Kila punje ni asilimia 5. Eneo kubwa likipata punje 2 na kijifungu kidogo kikapata 11, mmeshajua palipo na riziki. Kisha badilisheni plastiki, mrudie yote kwa msimu wa kusi. Wa ringneti waulizeni pia habari za giza la mwezi, kwani wanaovua kwa taa hupungua mbalamwezi ikiwaka. Ramani iliyochorwa kwa msimu mmoja itaonyesha maji matupu mahali ambapo miezi sita baadaye vyombo vimejaa, na mpangaji akiona patupu atapatenga kwa shughuli nyingine.

Sasa chukueni GPS, mkahakiki kwa chombo zile kingo zenye ubishi. Iwekeni kwenye WGS84, mfumo wa kupimia mahali unaotumiwa na GPS. Ramani za zamani za serikali zilichorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960, na mkichanganya mifumo hiyo miwili kila kitu kitahama karibu mita 300. Andikeni digrii kwa desimali. Nyuzi 8, dakika 45 na sekunde 30 kusini ni -8.7583. Anayeandika 8 na dakika 45.30 ameshapotea mita 370. Na asiyeweka alama ya kutoa, kwa longitudo ya 39.5, atalikuta eneo lake la pweza nchini Ethiopia, si mbali na mji wa Adama.

SWALI: Ramani ya kijiji chetu imekamilika, lakini sisi wanawake tunaokwenda pweza na chaza, na wenye mashamba ya mwani, hatumo. Wanasema tulialikwa hatukuja. *Msomaji, Tanga*

JIBU: Dada, tazama mwaliko ulitaja kikao cha saa ngapi. Mikutano hupenda kuitwa saa nne asubuhi, na siku za bamvua hiyo ndiyo saa maji yametoka kabisa nanyi mko mwambani. Dai kikao kirudiwe siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu.

Tena, kwenu karatasi haitoshi. Kipande cha mwamba cha mita 80 kwenye ramani ya 1:50,000 hakifiki hata milimita 2. Maji yakitoka, wawili wenu wazunguke ukingo na GPS, wakichukua nukta kila hatua 30 hivi na kuandika kinachookotwa pale. Shamba la mwani lichukuliwe pembe zake nne, na iandikwe miezi linayokuwa na kamba za mwani. Wakulima wengi huacha maeneo ya maji mafupi yanapopata joto kali, na mpimaji akifika wakati huo ataona vigingi tu, akaandika "halitumiki".

SWALI: Tukionyesha chamba zetu, yaani mahali petu pa kuvulia, wageni hawatazivamia? *Nahodha, Kwale*

JIBU: Wanaweza, nahodha, kwa hiyo msitoe ramani ya asili. Wekeni ramani mbili. Ile yenye nukta na majina ibaki kwa BMU. Inayokwenda kwa wapangaji igawanywe miraba ya mita 500 kwa 500, ikionyesha uzito wa matumizi tu: mwingi, wastani, mdogo. Mraba uliotajwa na watu chini ya watatu usionyeshwe peke yake, uunganishwe na wa jirani. Lakini msiufute, maana ukifutwa utasomeka kama maji yasiyo na mtu. Makubaliano ya nani anatunza faili, na nani anaruhusiwa kulifungua, yaandikwe na kusainiwa kabla plastiki ya kwanza haijatandikwa.