Chupa ya mtoto wa shule: inoksi ao plastiki?

Dada, umeuliza chupa gani umnunulie mtoto anayetembea kwa miguu hadi shuleni hapa Goma, akibeba maji uliyochemsha asubuhi. Mimi ningechukua inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu. Yetu imeanguka juu ya mawe ya volkano mara nyingi: imebonyea, haivuji. Ile ya plastiki ilipasuka shingoni wiki ya kwanza. Ila inoksi ni nzito, na bei inauma.

Ukinunua plastiki, geuza kitako utafute namba 5 ndani ya pembetatu, alama ya plastiki inayovumilia joto. Zile za maji ya dukani, namba 1, usizitie maji ya moto.

Zaidi ya yote angalia mdomo: brashi iingie, maana utelezi wa ndani hautoki kwa kusuuza tu. Kipindupindu tunakijua. Mtoto akiharisha majimaji, mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo.