Mji mdogo ufutwe, turudi kijiji?

SWALI: Shikamoo mzee. Mji wetu uko kandokando ya reli ya Kigoma. Tangu tuwe mamlaka ya mji mdogo nalipa ushuru wa meza, ila choo cha soko kimejaa na taka zinaoza. Wenzangu wanataka mamlaka ifutwe. Unaonaje?
Muuza dagaa, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa mtendaji wa kata, hasira hiyo naijua. Lakini ushuru hautakufa na mamlaka. Halmashauri ya wilaya itaukusanya vilevile.

Kijiji kina uzuri wake: mkutano mkuu, ambako kila mwenye miaka 18 anaweza kumbana mtendaji kuhusu mapato na matumizi. Ardhi nayo husimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa sheria ya 1999. Sasa viwanja vyenu vilivyokwisha kupimwa mtavifanyaje? Ugomvi utaanzia hapo.

Kufuta tumeshafuta. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa nchi nzima, kazi zikaenda kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Huduma za miji zikadorora hadi halmashauri zake zikarudishwa 1978. Za wilaya zikafuata kwa sheria za 1982. Nilikuwa kijana, sitamani kurudi huko.

Msifute. Mwenyekiti wako wa kitongoji ni mjumbe wa baraza la mji mdogo. Mbaneni aulize kikaoni ushuru wa soko unakwenda wapi. Hicho choo, mwoneni bwana afya leo hii, kisisubiri kikao.