Samaki klauni mkubwa anampiga mdogo: angalia kama anatetemeka kabla hujamtoa

Mkuu, nimeisoma hali yako mara mbili. Klauni wako wa zamani, yule samaki wa baharini mwenye mistari, amekaa peke yake kwenye tangi karibu mwaka, wiki iliyopita ukamletea mwenzake mdogo, na tangu hapo mgeni hana raha: anakimbizwa tangi zima, pezi la mkia limechanika, usiku anajibanza kona ya juu karibu na hita. Samaki wengine hawaguswi kabisa. Unauliza umrudishe mgeni au uvumilie.

Kuna jambo hukulitaja, na ndilo mimi huangalia kwanza siku zote: mkubwa akimfikia, mdogo anafanya nini?

Leo kaa mbele ya tangi dakika 20. Usiwalishe wala usiingize mkono. Klauni aliyekubali kuwa chini hakimbii kila mara. Anasimama, anampa mkubwa ubavu, kisha mwili mzima unatetemeka kwa kasi, sekunde moja au mbili, kama aliyepigwa na shoti ya umeme. Mara ya kwanza kuona hivyo nilijua samaki wangu anakufa, nikapima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, usiku ule ule. Maji hayakuwa na tatizo lolote. Alikuwa anatoa shikamoo. Mkubwa akiipokea humzunguka, pengine humgusa kidogo kwa mdomo, halafu huyo anakwenda zake. Ukiliona hilo mara kadhaa kwa siku, usimtoe yeyote. Kufukuzana kutaendelea hata wiki mbili tatu, mkia utaota tena maji yakiwa safi, na utaanza kuwakuta wamelala sehemu moja.

Wa kumwogopea ni yule asiyetetemeka. Ama ameshakata tamaa na haondoki kwenye kona yake hata wakati wa chakula, ama anarudisha kipigo.

Nieleze kwa nini, maana ukishaelewa hili mengine yanakuwa mepesi. Klauni wote huanza maisha wakiwa bado si dume wala si jike. Kwenye anemoni moja baharini, yaani yule mnyama laini mwenye minyiri ambaye klauni humfanya nyumba, mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata kwa ukubwa ndiye dume wake, na waliobaki ni wadogo wasiozaa, wamejipanga kwa foleni. Jike akifa, dume anageuka kuwa jike, na mkubwa wa wale wadogo anapanda kuwa dume. Njia hiyo ni ya kwenda tu: aliyekwisha kuwa jike harudi kuwa dume. Mtafiti Peter Buston aliwachunguza klauni aina ya Amphiprion percula huko Papua New Guinea, na mwaka 2003 akaandika kwenye jarida la Nature kwamba kila wa chini anazuia ukuaji wake ili abaki mdogo kwa kiasi fulani kuliko aliye juu yake. Akimkaribia sana kwa ukubwa, anahatarisha kufukuzwa. Kwa hiyo tofauti ya ukubwa unayoiona kwenye tangi si uonevu wa maumbile. Hiyo ndiyo amani yenyewe, na ukiiondoa umewaletea vita.

Mimi niliiondoa kwa mikono yangu. Nilikuwa na klauni mmoja wa aina ya ocellaris aliyekaa peke yake miaka miwili, mnene, mtulivu. Nikamtafutia mwenzake, na kwa huruma nikachagua anayelingana naye, nikisema wakilingana nguvu hakuna atakayeonewa. Sikujua kwamba aliyekaa peke yake muda wote huo, bila mkubwa juu yake, kwa kawaida ameshafika daraja la jike. Na yule mgeni kwa ukubwa wake huenda naye alikuwa amefika. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwa klauni fahali ni jike. Walishikana midomo, wakazungushana kama wanaocheza mieleka, wakaachana, wakashikana tena. Usiku nilikuwa nikisikia milio midogo kupitia kioo, kama kucha ikigonga meza. Klauni hupiga sauti hiyo kwa kufunga taya ghafla hadi meno yagongane. Niliambiwa nisiingilie, watazoeana. Nikasubiri. Asubuhi ya siku ya tano nilimkuta mgeni amenaswa kwenye mdomo wa pampu, magamba ya ubavu mmoja yametoka. Ni miaka mingi sasa na bado inaniuma, kwa sababu dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu.

Basi kwako: pima kwa macho. Kama mgeni ni mdogo waziwazi, tuseme nusu au theluthi mbili ya mwenyeji, una nafasi nzuri sana. Kama wanakaribiana na hakuna anayetetemeka, usipoteze siku nyingine.

Kuhusu nani wa kutoa, hapa wengi hukosea. Huwa tunamwonea huruma anayepigwa, tunamtenga yeye, na mbabe anabaki akitamba kwenye himaya yake. Mdogo akirudi baada ya wiki, anaingia tena kama mgeni. Mtenge mkubwa. Chukua boksi la plastiki angavu, litoboe matundu mengi madogo pande zote ili maji yapite, lainishe kingo za matundu zisimkwaruze, kisha lining'inize ndani ya tangi hilo hilo ukiwa umemweka mkubwa humo. Lifunike, klauni wanaruka. Mlishe humo humo. Mdogo apate siku kadhaa za kuzunguka, kula bila hofu, kujua miamba yote na kuchagua pa kulala. Wakati huo wanaonana kupitia plastiki. Mkubwa atagonga ukuta siku za mwanzo kwa hasira. Siku atakapoacha kugonga, na hasa siku utakapomwona mdogo anasogea mwenyewe karibu na boksi na kutetemeka, ndipo unafungua. Kwangu, kwa jozi niliyoiweka baadaye, ilichukua siku tisa. Kabla ya kufungua nilihamisha mawe mawili matatu ili mkubwa asikute ramani yake ya zamani, nikawalisha wote wakashiba, nikamwachia jioni taa za tangi zikiwa zimeshazimwa. Asubuhi alimkimbiza kidogo, mdogo akatoa ubavu akatetemeka, yakaisha. Hawa wawili ndio ninao mpaka leo.

Mtenge mkubwa haraka bila kungoja dalili nyingine ukiona mdogo hajala siku mbili, matamvua yanapiga mbio akiwa ametulia tu, ana vidonda vyeupe mwilini, au wameshikana midomo. Mkia uliochanika peke yake haunitishi. Kidonda cha mwilini kinanitisha, kwa sababu bakteria hupitia hapo na samaki aliyechoka hana nguvu ya kupambana nao.

Umeshangaa kwamba mkubwa hagusi samaki wengine. Ni kawaida. Mwaka 2024 watafiti wa Okinawa, Japani, walionyesha kwamba ocellaris wadogo waliolelewa tangu mayai humshambulia zaidi samaki mwenye mistari mitatu meupe kama wao kuliko mwenye mmoja au asiye nayo. Kwa macho ya klauni wako, samaki asiye na mistari hiyo hana ugomvi naye. Mwenye mistari mitatu ndiye anayeweza kumnyang'anya nyumba.

Kuna aliyekushauri uongeze wawili zaidi ili ukali ugawanyike. Tafadhali usifanye hivyo. Niliwahi kuwaweka wadogo wanne pamoja, na kwa miezi michache ilipendeza sana kuwatazama. Kisha wawili wakapatana, na kuanzia siku hiyo wale wengine wawili hawakuwa na pa kukaa. Baharini aliyefukuzwa anaweza angalau kujaribu kwenda kwingine. Kwenye tangi kuna kioo. Nilibahatika kuwapatia makazi mapema. Wala usichanganye aina mbili za klauni kwenye tangi la kawaida la nyumbani, na kama wako ni yule mwekundu wa damu ya mzee, Premnas biaculeatus, zidisha tahadhari mara mbili: jike wake hufika kama sentimita 16, dume hubaki kadogo, na ukali wake haufanani na wa ocellaris.

Anemoni si lazima. Wanaozaliwa kwenye matangi huishi vizuri bila hiyo, na anemoni ikiwa moja tu inaweza kuwa ndicho kitu cha kugombea. Maji unayajua: chumvi isiyumbe, nyuzi 25 hadi 27, amonia sifuri.

Jambo la mwisho, ili lisije likakutisha baadaye. Wakipatana, iko siku ukali utarudi ghafla, ila sasa utaelekezwa kwa wengine na kwa mkono wako. Angalia jiwe karibu na wanapolala: kama wanalisugua na kulitafuna hadi ling'ae, mayai yanakuja. Dume atayapepea kwa mapezi usiku na mchana, na yataanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 kutegemea joto. Siku hizo nasafisha kioo cha upande wa pili tu, na kwao siendi.

Ukishawatazama leo, niandikie mambo matatu: urefu wa kila mmoja kwa kukadiria, mgeni alikuwa anakaa na wenzake au peke yake alikotoka, na kama umemwona akitetemeka hata mara moja. Kama hajatetemeka, andaa boksi leo leo.