Nodi kwa sekunde: maswali na majibu

Injini moja ya sataranji (programu ya kuucheza) kwenye simu yangu inaonyesha nodi milioni moja kwa sekunde, nyingine milioni tatu. Hii ya pili si ndiyo kali zaidi?

La. Nodi ni mkao mmoja wa kete ambao programu imeufikia katika kupekua, ila kila mtunzi ana namna yake ya kuhesabu. Mmoja anapima kwa kibaba, mwingine kwa pishi, nasi tunalinganisha idadi ya vipimo. Tena mwendo si maarifa. Mwaka 2017 injini ya AlphaZero ilipekua mikao 80,000 hivi kwa sekunde dhidi ya milioni 70 ya injini ya Stockfish, na katika michezo 100 ikashinda 28 bila kufungwa hata mmoja. Waliolalamikia masharti ya mechi ile walikuwa na hoja, basi tazama Stockfish yenyewe: toleo la 12, mwaka 2020, lilipotiwa mtandao wa neva (sehemu iliyofunzwa kukadiria uzuri wa mkao), kasi ilishuka na uchezaji ukapanda sana.

Sasa kasi nitaipimaje kwa haki?

Pima programu ileile, toleo lilelile. Fungua Stockfish peke yake kwenye kompyuta, andika *bench*, bonyeza Enter. Itapekua mikao iliyoandaliwa hadi kina 13 (takriban hatua 13 mbele), kisha itatoa muda, jumla ya nodi na nodi kwa sekunde. Anza na ile jumla: haina budi kuwa ileile kila unaporudia. Ikibadilika, hujapima kitu kilekile. Muda ndio unaoyumba, kwa kivinjari kilichoachwa wazi, chaja iliyochomolewa, au laptopu iliyopata moto. Mimi huendesha mara tano, nikachukua jibu la katikati.

Nikitumia nyuzi nne (threads, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba) badala ya moja?

Nodi zitaongezeka sana, nguvu si kwa kiasi hicho, kwani nyuzi hurudia baadhi ya kazi za wenzao. Na jumla haitakuwa ileile tena, usishtuke.

Ninaandika injini yangu. Nianzie wapi?

Anza na usahihi, kwa jaribio liitwalo *perft*: hesabu njia zote halali tangu mwanzo wa mchezo, kila mchezaji akisogeza mara moja ikiwa hatua moja. Hatua moja 20, mbili 400, tatu 8,902, nne 197,281, tano 4,865,609. Usiishie hapo. Mfalme na ngome hawawezi kusogea pamoja kwa zamu moja (castling) kabla ya hatua ya saba, kwa hiyo kosa la hapo litakupita kimya kimya. Namba zikikubali zote, ndipo uchukue saa.